Vikuku vya Nyanya chini ya michai ya Ikonge

Mfuko wangu ulikuwa mrefu kama wa mpiga gitaa, na abiria mwenzangu kwenye matatu aliukodolea macho tangu tulipotoka Sotik. Mwishowe akashindwa kuvumilia.

“Hiyo ni bunduki?” akauliza kwa sauti ya chini.

Nikamwambia la, ni mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Akanyamaza kidogo, akatazama nje, kisha akanisogelea mpaka mabega yetu yakagusana. “Basi wewe unakwenda kuchimbua dhahabu ya Mjerumani,” akasema. “Mkiipata, msitusahau sisi tuliokupisha kiti.”

Tulikuwa tunakaribia Chebilat, soko lililo mpakani mwa Wakipsigis na Wagusii. Hapo ndipo msafiri anayekwenda Ikonge anapoiacha barabara kuu ya Kisii na kushika njia inayoendelea mpaka Chabera, katika Kaunti ya Homa Bay. Ukishaingia njia hiyo hutahitaji kibao cha kukuambia umefika kwa Wagusii. Migomba inaanza, vilima vinabanana, na kila kipande cha ardhi kimelimwa hadi ukingoni mwa barabara. Kisha unaona michai, imekatwa sawasawa juu kama meza iliyotandikwa kitambaa cha kijani.

Simlaumu yule abiria. Hadithi ya dhahabu ya Mjerumani nimeisikia Taveta, nimeisikia Migori, na rafiki zangu wa Tanzania wananiambia kwao ndiyo usiseme. Huku Gusii ina mzizi wa kweli. Mnamo Septemba 1914, Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuwa vichanga, kikosi cha Wajerumani kilivuka mpaka kutoka kusini kikauingia mji wa Kisii. Waingereza walikuwa wameuhama. Tarehe 12 mwezi huo askari wa KAR walipambana nacho kwenye vilima vya karibu na mji, watu wengi wakafa pande zote mbili, na Wajerumani wakarudi walikotoka. Katika zile siku ambazo mji haukuwa na mwenyewe, baadhi ya wenyeji waliingia madukani na katika misheni wakajichukulia mali, na serikali ya kikoloni ikawatoza mifugo kama adhabu.

Basi vita vilikuwapo. Lakini dhahabu? Sarafu ya dhahabu ya Mjerumani ambayo watu wanaiota, ile ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ilipigwa Tabora mwaka 1916 kwa dhahabu ya Sekenke, na zilitengenezwa zipatazo 16,000 tu. Mjerumani aliyepigana Kisii mwaka 1914 hangeweza kuzika kitu ambacho kingetengenezwa miaka miwili baadaye. Nilimweleza yule abiria hivyo hivyo. Akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mwongo asiyejua kudanganya.

Kilichonipeleka Ikonge hakikuwa dhahabu. Kilikuwa kopo la mafuta ya kupikia.

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi hapa Nairobi, mzaliwa wa Ikonge, alinisimulia habari za nyanya yake. Bibi huyo alikabidhiwa na mama mkwe wake vikuku sita vya chuma, vitatu vya kila mguu. Kwa Ekegusii vinaitwa ebitinge. Zamani mwanamke wa Kigusii alivishwa ebitinge ndoa yake ilipokamilishwa kwa sherehe ya enyangi, na ukimwona amevivaa ulijua huyu ni mke wa mtu, si mchumba wala mgeni. Alivivua mume alipofariki au ndoa ilipovunjika. Siku hizi hakuna mke anayekwenda sokoni Ikonge na vyuma miguuni, kwa hiyo vilivyobaki ni vichache, na familia iliyo navyo huviweka kama wengine wanavyoweka picha ya harusi.

Januari 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipochoma nyumba kwenye mpaka wa Borabu na Sotik, kila jioni habari mbaya zilifika Ikonge. Usiku mmoja Nyanya alitia vikuku katika kopo, akafunga kifuniko, akatoka na jembe, akalizika nyuma ya nyumba. Hakumwambia mtu. Amani iliporudi hakuwa na haraka ya kulifukua. Miaka minne baadaye wanawe walimjengea nyumba mpya ya matofali upande wa barabara, ile ya zamani ikabomolewa, na kiwanja chake kikapandwa chai. Nyanya alipolikumbuka kopo, ukuta haukuwapo, mlango haukuwapo, na mti wa omotembe uliokuwa alama yake ulikuwa umekatwa kuni.

Wanawe walichimba kwa majembe hapa na pale, hawakupata kitu. Ndipo jicho la familia likamwangukia mjukuu mmoja. Kijana huyo wakati ule alikuwa akiokota vyuma vikuukuu na kuviuza kwa kilo, na inajulikana kwamba aliwahi kuuza sufuria ya mama yake kabla mama hajamaliza kuitumia. Nani mwingine angechukua vyuma? Aliapa kwamba hakuvigusa. Hakuna aliyemwamini. Aliondoka mwaka 2013 akaenda Naivasha kwenye mashamba ya maua, na tangu siku hiyo hakuwahi kulala nyumbani.

“Nyanya ana miaka themanini na kitu,” Mwalimu aliniambia. “Macho yanamwisha. Anataka kujua kama alimkosea yule mtoto.”

Ndiyo sababu nilikuwa kwenye matatu ile na mfuko wangu.

Ikonge ni soko la Nyamira ya kaskazini. Nyamira yenyewe ilikuwa sehemu ya Kisii hadi mwaka 1989 ilipofanywa wilaya, na kuanzia 2013 ni kaunti inayojitawala. Nchi yake iko kati ya mita 1,250 na 2,100 juu ya bahari, mvua haina ubahili, na udongo wa sehemu kubwa ni mwekundu, mzito, uliotokana na miamba ya volkano. Mkulima anaubariki udongo huu. Ndio unaolisha viwanda vya chai vya Sanganyi, Gianchore, Tombe na Kebirigo. Lakini mtu mwenye mashine ya kutafuta vyuma anauona kwa jicho jingine. Wekundu ule ni kutu. Udongo wenyewe una chuma ndani yake, na mashine inausikia.

Tulipokelewa kwa chai na ndizi za kuchemsha. Mimi nilifanya kosa la wageni wote: nilipomsikia Mwalimu akimwita yule bibi “baba”, niligeuka kumtafuta mzee wa kiume. Kumbe kwa Ekegusii “baba” ni mama, na baba ni “tata”. Walicheka mpaka kuku wakatoka uani. Mimi nikamwita magokoro, yaani nyanya, akanishika mkono kwa vidole vigumu vya mchumaji wa chai, akauliza kwa nini mkono wangu ni laini namna ile.

Kabla ya kugusa udongo tulikwenda kwa naibu wa chifu, tukamweleza tunachotafuta na kwa nini. Hilo namshauri kila msomaji. Katika vijiji vyetu mgeni anayepita na mashine masikioni ataitwa mwizi wa madini kabla ya saa sita. Tena sheria ipo. Madini yaliyo ardhini ni ya serikali na kuyatafuta kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Madini ya 2016, na kutafuta vitu vya kale kunasimamiwa na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006. Kopo la Nyanya, lililozikwa na mwenyewe katika shamba lake mwenyewe, ni jambo la familia. Naibu wa chifu alikubali, akatupa mzee mmoja wa mtaa awe shahidi. Mzee huyo alikuja na kiti chake.

Sasa nieleze mashine, maana bila hivyo mengine hayataeleweka. Ni mpini wenye kisanduku cha umeme juu na sahani chini. Sahani hiyo ndiyo koili: ndani ya plastiki yake zimezungushwa nyaya za shaba. Umeme unapopita humo hutoa nguvu ya sumaku inayoingia ardhini. Ikikuta kipande cha metali, kipande hicho nacho huzaa umeme mdogo wake na kurudisha nguvu yake, na koili inaisikia. Kisanduku kinageuza jibu hilo kuwa mlio. Watu hununua mashine kwa kutazama kisanduku, vitufe vyake na kioo chake. Lakini kinachoongea na ardhi ni koili, na mtu aliyebeba koili isiyofaa ni kama mvuvi aliyeingia mtoni na wavu wa papa.

Zipo za aina nyingi. Ya kwanza ni duara ndani ya duara: waya wa nje unatuma, wa ndani unapokea, na nguvu yake inashuka kama koni iliyopinduliwa. Inaonyesha vizuri mahali hasa kitu kilipo, lakini udongo wenye chuma unaisumbua sana. Ya pili ina nyaya mbili zenye umbo la herufi D, zimepishana mgongo kwa mgongo. Hii inachungulia ardhi kwa ukanda mwembamba wa katikati, kama upanga, na kwa sababu inaona udongo kidogo kwa wakati mmoja inavumilia ardhi nyekundu. Ya tatu ina waya mmoja unaotuma na kupokea kwa zamu, nayo inatumika zaidi kwenye mashine za watafutaji dhahabu.

Kisha kuna ukubwa, na hapo ndipo mimi nilipojikwaa.

Mashine yangu niliinunua kwa mtu, na niliongezea koili ya inchi 15, karibu sentimita 38, kwa sababu nilikuwa nimetembelea Macalder kule Migori, ambako dhahabu imechimbwa tangu enzi za ukoloni, na kichwa kilikuwa kimenijaa. Kanuni niliyoambiwa ni kwamba koili kubwa huona mbali zaidi chini. Ni kweli, lakini kweli hiyo ina mkia ambao muuzaji hakuutaja. Koili kubwa inaona mbali penye udongo mtulivu na kitu kikubwa. Penye udongo wenye chuma inaona udongo mwingi zaidi, na kelele za udongo zinaongezeka pamoja nao. Penye takataka inaona misumari sita kwa pamoja na kuitolea mlio mmoja. Na kitu kidogo kilicho karibu inaweza kukipita bila hata kukisalimu.

Siku ya kwanza niliingia shambani na sahani hiyo kubwa kama sinia la pilau. Sikwenda hatua tatu. Michai hupandwa kwa nafasi ya futi 4 kati ya mistari na futi 2 na nusu kati ya mche na mche, na juu matawi yameungana. Kupita unapita ukijisukuma kwa kiuno, huku umande ukikulowanisha. Koili ya inchi 15 haikuingia kati ya mashina. Niliinyanyua juu, nikaipitisha kwa upande, ikagonga shina, ikalia. Nikaishusha, ikalia. Nikasimama bila kufanya lolote, bado ikalia.

Tena kulikuwa na shida nyingine ambayo sikuifikiria Nairobi. Wengi wanaotafuta sarafu au pete za dhahabu huiamuru mashine ipuuze chuma, ili misumari isiwasumbue. Sisi tulikuwa tunatafuta chuma! Ilibidi niondoe kichujio hicho, na nilipokiondoa misumari yote ya mabati ya nyumba iliyobomolewa ikaanza kupiga kelele kwa pamoja. Kufikia saa tisa nilikuwa nimefukua misumari thelathini na moja, vifuniko vya soda saba, bawaba ya mlango, betri za redio na kijiko. Nyanya alikitambua kijiko. Alifurahi kukiona, lakini hakuwa amenitumia nauli kwa ajili ya kijiko.

Watu walikuwa wamejaa kwenye ua. Mmoja akasema Mjerumani alikuwa mjanja, alizika kwa dawa. Mzee wa mtaa akahamisha kiti chake kivulini.

Usiku huo tulikaa jikoni tukila ugali wa wimbi na chinsaga, ile mboga chungu ambayo Mgusii hawezi kukaa wiki bila kuila. Nilikuwa nimevunjika moyo. Niliwaambia kisa cha mwaka 1881, Rais James Garfield wa Marekani alipopigwa risasi na madaktari wakashindwa kuiona ilipo mwilini. Alexander Graham Bell, yule wa simu, alitengeneza mashine ya kuitafuta, moja ya mashine za kwanza za namna hii. Alijaribu mara mbili akashindwa. Godoro la rais lilikuwa na nyaya za chuma zilizomchanganya, na daktari mkuu alimruhusu kupima upande mmoja tu wa mwili, ule aliodhani risasi iko. Haikuwa upande huo. Rais alifariki Septemba.

Nyanya alitafsiriwa kisa chote, akauliza swali moja. “Huyo aliyetafuta, alimwuliza mgonjwa alikuwa amesimama vipi alipopigwa?”

Sikujua la kujibu. Lakini swali lile lilinifanya nimwulize yeye mambo ambayo ningepaswa kuyauliza asubuhi kabla ya kufungua mfuko. Ulichimba kwa nini? Kwa jembe dogo la palizi. Ulichimba muda gani? Akacheka. Usiku, peke yake, mbwa wanabweka, moshi unaonekana mbali? Alichimba kidogo tu, akanionyesha kwa mkono: kutoka ncha ya kidole gumba mpaka ncha ya kidole cha mwisho. Shibiri. Kisha akafukia, akavuta majani makavu juu, akaingia ndani.

Mimi nilikuwa nimekuja na koili ya kutafuta kina cha mita, kumfuata bibi mwenye hofu aliyechimba shibiri moja.

Chini kabisa ya mfuko kulikuwa na koili nyingine ambayo mtu aliyeniuzia mashine aliniongezea kama nyongeza ya sokoni. Ilikuwa ya inchi 6, sentimita 15 hivi, ya aina ya D mbili. Nilikuwa nimeidharau tangu siku ya kwanza. Ilionekana kama kisosi cha kikombe, kitu cha kuwapa watoto wachezee ufukweni Mombasa.

Asubuhi hatukukimbilia shambani. Tulikwenda kwanza migombani, mahali ambapo hapakuwa na nyumba wala misumari, tukafukia kiungo kimoja cha mnyororo wa ng'ombe kina cha shibiri. Jaribio hili halina gharama, na sijui kwa nini sikulifanya siku iliyotangulia. Nadhani ni kiburi. Koili kubwa ilipopita juu yake ilinung'unika, mlio usiojulikana kama ni chuma au udongo. Ile ndogo ilitoa mlio mmoja mkali, mfupi. Tukatawanya misumari mitano kukizunguka. Kubwa ikachanganyikiwa kabisa. Ndogo ikaita msumari, ikanyamaza, ikaita kiungo, ikanyamaza, ikaita msumari. Mwalimu, ambaye mpaka hapo alikuwa ananitazama kama mzazi anayemtazama fundi asiyemaliza kazi, akasema, “Kumbe inajua kuhesabu.”

Kulikuwa na mambo mengine madogo ya kurekebisha. Waya unaotoka kwenye koili niliuviringisha vizuri kwenye mpini, maana ukining'inia na kutikisika mashine inausikia wenyewe. Nilipunguza ukali wa usikivu. Mtu hudhani kupunguza ni kupoteza, lakini katika udongo kama ule mashine iliyotulia inasikia chini zaidi kuliko iliyopandwa na wazimu. Kisha nikaizoesha ardhi: unainua na kushusha koili juu ya udongo usio na kitu, kama mtu anayetwanga polepole, mpaka kelele zitoweke.

Nyanya alitaka kuja mwenyewe. Tulimwekea kiti kwenye ukingo wa shamba, karibu na cha mzee wa mtaa. Hakuweza kuona mstari wa tano kutoka pale, lakini aliomba ageuzwe mpaka upepo wa asubuhi umpige shavu la kushoto. Alisema mlango wa jikoni ya zamani ulitazama hivyo. Akanyosha mkono. “Omotembe ulikuwa pale. Mimi nilikuwa hapa. Nilihesabu hatua nane.” Mwalimu alihesabu hatua nane fupi za bibi, si zake mwenyewe.

Tuligawa eneo hilo kwa kamba, mstari kwa mstari. Koili ndogo iliingia chini ya matawi na kuzunguka kila shina kama panya. Hasara yake ni kwamba inafagia ukanda mwembamba sana, na kipande ambacho kubwa ingekimaliza kwa dakika kumi kilitukula saa nzima. Mgongo uliniuma. Misumari ilikuwapo bado, lakini sasa kila mmoja ulilia peke yake, mlio mkavu unaokatika, na baada ya muda sikio linazoea na kuuacha.

Ilipokaribia saa tano nikasikia mlio tofauti. Haukukatika kama wa msumari. Ulikuwa wa juu zaidi, wa mviringo, kama vile umepiga kitu chenye thamani. Nitaeleza sababu, kwa kuwa inawapoteza wengi: chuma chenye umbo la pete hupitisha umeme ule mdogo kuzunguka duara lake, na mashine hudanganyika ikakiimba kama shaba au fedha. Mtafuta sarafu hukasirika akifukua pete ya chuma. Mimi magoti yalinilegea. Nilipitisha koili kutoka mashariki kwenda magharibi, kisha kaskazini kwenda kusini, nikaweka alama pale njia mbili zilipokatana. Palikuwa karibu na shina la mchai, kiasi cha kiganja.

Mwalimu alichimba kwa mkono na kisu cha jikoni, ili asikate mizizi. Kwanza yakaja maganda ya kutu mekundu, membamba kama majani makavu. Hilo lilikuwa kopo, au kilichobaki. Kisha kikuku kimoja. Kisha viwili vilivyoshikana kwa kutu. Watu kwenye ua walikuwa wamenyamaza. Kikatoka cha nne. Cha tano tulikipata upande wa pili wa shina, mbali kidogo na wenzake, na hapo tukaelewa kilichotokea: waliochimba mashimo ya kupandia chai walikata ubavu wa kopo bila kujua, na vitu vikatawanyika na udongo. Kama mche ule ungepandwa kiganja kimoja kulia, wangelifukua lote siku ile, na kusingekuwa na kesi.

Tulitafuta cha sita mpaka saa tisa, mstari ule na wa jirani. Hatukukipata.

Mwalimu aliviweka mapajani mwa Nyanya, bado vina udongo. Hakuvitazama. Alivishika kimoja kimoja, akakisugua kwa kidole gumba, akakiweka upande wa kushoto, akachukua kingine. Alipofika cha tano akapapasa kitambaa chake kutafuta kingine, akakosa, akarudia kuhesabu tangu mwanzo. Mmoja wa wanawe, ambaye siku ya kwanza alinieleza kwa kirefu jinsi yule kijana alivyokuwa mwizi tangu utotoni, alikuwa amesimama nyuma ya kiti chake. Alisema jambo fulani kwa Ekegusii, akaondoka kwenda kutazama ng'ombe. Sikuomba nitafsiriwe.

Mtu mmoja katika umati akauliza kama cha sita hakiwezi kuwa kiliuzwa. Palikuwa na kimya. Nyanya akamjibu bila kugeuka. Mwizi wa vyuma anayefukua kopo usiku, akachukua kikuku kimoja, akaacha vitano, akafukia tena na kupanda mchai juu yake, huyo alisema angependa kumwona.

Kisha akataka simu.

Kijana wa Naivasha hakupokea mara ya kwanza. Ya pili alipokea. Nyanya alishika simu mbali na sikio, kama wazee wanavyofanya, kwa hiyo tulisikia sauti yake ikiuliza nani amekufa. Alimwambia hakuna aliyekufa. Akamwambia vitano vimepatikana, vilikuwa chini ya chai, na kwamba yeye ndiye aliyevizika na yeye ndiye aliyesahau. Upande wa pili palikaa kimya kwa muda mrefu hata Mwalimu akadhani simu imekatika.

“Kimebaki kimoja,” Nyanya akasema. “Macho yangu hayakioni na huyu mgeni wa mikono laini mgongo unamuuma. Njoo ukitafute wewe.”

Nilirudi Nairobi kesho yake na koili ya inchi 15 mfukoni. Mashine na ile koili ndogo niliziacha Ikonge juu ya kabati la Nyanya, nikamwonyesha Mwalimu jinsi ya kuizoesha ardhi, na kuviringisha waya.